Kwa Nini Kampuni Hutafuta Muhuri wa Msitu, na Sisi Tunaingia Wapi?

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Njia ni matope matupu na bado mmefika, wengine kutoka Ileho kwa miguu baada ya kukama. Basi sitawapotezea wakati.

Mwezi uliopita niliketishwa chini na kikundi kimoja cha akina mama. Wako hapa leo, na wameniruhusu nieleze jambo lao bila kuwataja. Mgeni aliwatembelea, kijana nadhifu mwenye gari, akasema anatoka kwa kampuni ya kupanda miti. Kampuni inataka kukodi mashamba yao kwa miaka ishirini, ipande mikaratusi, halafu miti ikikomaa wagawane mauzo. Kodi yenyewe ni kidogo, hata wao waliona. Kilichowavuta ni neno moja alilolirudia kila mara: cheti. Alisema miti yao itapata cheti cha kimataifa cha msitu, na mbao zenye cheti huuzwa Ulaya kwa bei mara mbili ya mbao za hapa. Malipo ya kwanza yangetoka kabla ya shule kufunguliwa. Ninyi mnajua mzazi mwenye mtoto wa sekondari anavyoyasikia maneno kama hayo.

Wakaniuliza, "Mwalimu, hicho cheti ni kitu gani? Ni cha kweli ama ni maneno?" Nikawaambia nitajibu mbele ya watu wote, kwa sababu karatasi ya namna hiyo haitembei kwa boma moja tu.

Cheti ni cha kweli. Mkirudi nyumbani, chukueni pakiti ya maziwa ya karatasi, ile ya dukani, mwigeuze. Ama mtazame karatasi za kuandikia katika ofisi ya chifu. Mara nyingi mtaona alama ndogo, mti umechorwa pamoja na alama ya vema, ile mwalimu anamwekea mtoto akipata hesabu. Hapo pameandikwa FSC. Hilo ni baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro kule Brazil kuongea habari za mazingira, lakini juu ya misitu hayakukubaliana sheria ya kuwafunga wote. Mwaka uliofuata, 1993, watu wa mashirika ya mazingira, wafanyabiashara wa mbao na wawakilishi wa jamii za misituni wakakutana Toronto, Canada, wakaunda baraza lao wenyewe bila kungoja serikali. Sasa makao yake yako Bonn, Ujerumani. Viko vyeti vingine vya misitu pia, ila huu ndio muhuri mnaoweza kuukuta kwenye pakiti jikoni kwenu.

Baraza lina kanuni kumi. Mwenye msitu afuate sheria za nchi. Wafanyakazi walipwe na walindwe wasiumie. Haki za wenyeji na majirani ziheshimiwe. Mito na viumbe vitunzwe, pawe na mpango wa kukata na kupanda, kila kitu kiandikwe, na kadhalika. Anayetaka cheti huitisha mkaguzi. Akipita hupewa cheti cha miaka mitano, na kila mwaka mkaguzi anarudi kutazama. Na mkaguzi huyo analipwa na nani? Analipwa na mwenye msitu. Naona mnacheka. Hata mimi nilicheka niliposikia mara ya kwanza, mwanafunzi anamlipa mtahini! Ndiyo sababu kuna chombo kingine cha kuwakagua hao wakaguzi, na ndiyo sababu muhtasari wa ripoti yao hutolewa wazi ili mtu yeyote ausome.

Kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Mti ukishakatwa, ubao wake unafuatwa. Kiwanda cha kupasua kiwe na cheti chake, anayeununua awe nacho, anayetengeneza kiti awe nacho. Mmoja katikati akikosa, muhuri umekufa hapo hapo. Kile kiti hakiwezi kuwekwa ile alama hata kama mti wake ulitunzwa vizuri namna gani. Lishikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa kwa nini kampuni inajitia katika taabu yote hii? Wengine watawaambia ni kwa sababu ya kupenda mazingira. Labda wako wenye moyo huo, sisi si wa kuhukumu. Lakini mimi nimeona kwamba kampuni kubwa husogea pale mteja wake anapoisukuma.

Sababu ya kwanza ilikuwa aibu. Miaka ya 1980 na 1990 watu wa Ulaya na Marekani walianza kuona katika televisheni misitu ya Brazil na Asia ikiteketea. Wakaenda kusimama na mabango mbele ya maduka, wakiuliza, "Mlango huu mnaouza umetoka msitu gani?" Wenye maduka hawakuwa na jibu. Duka kubwa la vifaa vya ujenzi kule Uingereza, B&Q, lilikuwa kati ya yale ya kwanza kuahidi kwamba litajua mbao zake zinatoka wapi. Kule Marekani, Home Depot ilisumbuliwa na waandamanaji mpaka mwaka 1999 ikatangaza kwamba itapendelea mbao zenye cheti. Mnaona jinsi mambo yalivyokwenda. Mteja alimuuliza mwenye duka, mwenye duka akamuuliza mwagizaji, mwagizaji akamuuliza mwenye msitu. Hakuna aliyeanza yeye mwenyewe kwa hiari.

Na aibu hiyo ina bei. Kongo, katika eneo la Bumba, kulikuwa na kampuni ya kukata miti iitwayo Siforco, mali ya kampuni ya Danzer ya Ulaya. Mwaka 2011 watu wa kijiji cha Yalisika waligombana nayo kwa ajili ya ahadi za maendeleo ambazo hazijatimizwa. Askari wakaletwa kijijini. Mtu akafa, wanawake wakanajisiwa, nyumba zikachomwa. Mashtaka yakafika kwa baraza, na mwaka 2013 FSC ikajitenga na Danzer. Kampuni ile ilikuwa imekwisha kuiuza Siforco, lakini hilo halikuiokoa. Ilibidi kwanza ikubali masharti, na mwaka 2014 ndipo ilipoanza kurudishwa. Kampuni inayouza mbao Ulaya ikikaa bila muhuri, wateja wake wanahamia kwa jirani. Ninawaambia habari hii ya uchungu ili mjue kwamba mwanakijiji akiwa na ushahidi, malalamiko yake yanaweza kufika mpaka Bonn na yakaigusa kampuni mfukoni. Bahati mbaya hayarudishi aliyekufa.

Sababu ya pili ni benki. Kupanda miti ni kazi ya kungoja. Unaweka pesa leo, unaziona tena baada ya miaka kumi, kumi na tano, ishirini. Kampuni chache tu zina pesa za kungoja hivyo, kwa hiyo zinakopa ama zinatafuta wenye mitaji nje. Na wenye mitaji wanaogopa aibu ile ile ya maduka. Basi wanauliza cheti.

Lakini cheti peke yake hakimaanishi kwamba majirani wa shamba wameridhika. Hapa kwa jirani, Uganda, kampuni ya New Forests ilipanda miti katika wilaya za Mubende na Kiboga. Ilikuwa na cheti cha FSC na wenye mitaji wakubwa wa Ulaya. Mwaka 2011 shirika la Oxfam likatoa ripoti kwamba zaidi ya watu 20,000 wanasema waliondolewa katika ardhi hiyo ili miti ipandwe. Kampuni ilikana kwamba ilifanya kosa, ikasema walioondoka walikuwa katika msitu wa serikali. Ubishi ulikuwa mrefu. Mwishowe ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia, upande wake wa mikopo ya makampuni, iliwapatanisha, na makubaliano yakatiwa sahihi, Mubende mwaka 2013 na Kiboga mwaka 2014. Sasa jiulizeni, yale malalamiko yalifika kule kwa njia gani? Wenye mitaji walikuwa na masharti yao, na wanakijiji waliosaidiwa kuyajua wakayatumia. Cheti hakikuwalinda watu wakati wa kuondolewa. Kilichowasaidia baadaye ni kufuata pesa zilikotoka.

Sababu ya tatu ni sheria. Marekani ilikaza sheria yake mwaka 2008 ili mbao za wizi zisiingie. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria kama hiyo mwaka 2013, na mwaka 2023 ukapitisha nyingine kali zaidi. Hiyo haitazami mbao peke yake, inatazama pia kahawa, kakao, ng'ombe na vingine, kwamba visitoke katika shamba lililofyekwa msituni baada ya mwaka 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Wenye kahawa hapa na ndugu zetu wa Bungoma, msishangae karani wa ushirika akija kupima shamba kwa simu. Ni hiyo. Kwa mbao, cheti kinaisaidia kampuni kukusanya ushahidi, lakini hakichukui nafasi ya sheria.

Sasa nije kwenye bei, kwa maana naona wengine mnangoja bei tu.

Wenye ng'ombe wa maziwa, ukifika na ndoo yako kwa ushirika, karani anatia kipimo. Maziwa yakiwa na maji anayakataa. Yakiwa mazuri anayapokea. Je, anakuongezea shilingi kwa sababu hukutia maji? Haongezi. Amekuruhusu tu kuingia. Muhuri wa msitu mara nyingi uko hivyo. Ni ruhusa ya kuingia soko ambalo bila huo hukanyagi. Mara nyingine kuna nyongeza ya bei, hasa kwa mbao adimu na mnunuzi maalumu, lakini anayewaambia kwamba cheti ni bei mara mbili, mwombeni awaonyeshe risiti.

Na gharama zipo. Mkaguzi, kila mwaka. Ramani. Kofia na viatu vya wakataji. Karani wa kuandika kila gogo. Kampuni zenyewe husema kazi hiyo ya kuandika huwafaa, kwa sababu ghafla meneja anajua ni magogo mangapi yamepotea usiku. Hilo nalisadiki, hata sisi tulipoanza kuandika vitabu vya merry-go-round tuligundua mambo! Lakini tufanye hesabu. Tuseme ukaguzi na shughuli zake ni shilingi 500,000 kwa mwaka. Hiyo si bei halisi, ni mfano wa kuhesabia tu. Kampuni yenye hekta 10,000 inalipa shilingi 50 kwa kila hekta, haisikii kitu. Sisi kikundi cha watu 30, kila mmoja ana robo ekari ya miti. Hiyo ni ekari saba na nusu, kama hekta tatu hivi. Kila hekta inabeba zaidi ya shilingi 160,000. Miti gani hiyo ya kulipa vile?

FSC wenyewe wanalijua jambo hilo. Kwa hiyo wana masharti mepesi kwa misitu midogo, na wanaruhusu wengi kuingia chini ya cheti kimoja, kikiwa mkononi mwa shirika moja linalowasimamia. Kwetu Afrika Mashariki kuna mifano miwili ninayoipenda.

Wa kwanza ni wachongaji wa Mombasa. Mnajua vinyago vya Wakamba, twiga na vifaru wanaouzwa kwa watalii. Kazi hiyo husemwa ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ilikua mpaka ikalisha maelfu ya nyumba, lakini ilikula mpingo na muhugu mpaka miti hiyo ikawa shida kupatikana. Wanunuzi wa ng'ambo nao wakaanza kuuliza swali lile la dukani. Mashirika ya mazingira yakawashauri wachongaji wageukie mwarobaini, ambao umejaa katika mashamba ya Pwani. Wakulima wenye miarobaini wakajiunga pamoja, na mwaka 2005 vinyago vya mwarobaini vya Mombasa vikapata muhuri wa FSC. Tazameni mpangilio. Miti ilikuwa tayari shambani, ni ya mkulima mwenyewe. Mnunuzi alikuwapo na ndiye aliyeuliza. Fundi alikuwapo hapo hapo Mombasa. Na gharama za mwanzo hazikutoka mfukoni mwa mkulima peke yake.

Wa pili ni Kilwa, kusini mwa Tanzania. Huko kuna mpingo ambao mafundi wa Ulaya huutumia kutengeneza zumari zao, klarineti na obo. Mti huo hukua polepole, huchukua miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa. Zamani wanakijiji waliona magogo yakipita tu, wao wakipata karibu na bure. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutangaza msitu wake wenyewe, kuusimamia na kubaki na mapato. Shirika liitwalo Mpingo Conservation, siku hizi MCDI, likavisaidia vijiji kufanya hivyo, na mwaka 2009 likapata cheti cha FSC kwa niaba yao, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Kikole na Kisangi walianza, wengine kama Nanjirinji wakafuata. Pesa za magogo zikaingia katika mfuko wa kijiji, zikafanya kazi za kijiji.

Watu wakisimulia habari za Kilwa husifu cheti. Mimi naona walichopata kwanza ni haki ya msitu. Kijiji kikishakuwa mwenye mali, hata mfanyabiashara wa Dar es Salaam asiyejali muhuri lazima amlipe mwenye mali. Cheti kilikuja juu ya hapo, kikawafungulia mlango wa wale wachache wa Ulaya wanaouliza. Na mlango huo ulihitaji kiwanda cha kupasua chenye cheti pia, kama nilivyosema kuhusu ubao unaofuatwa.

Sasa turudi kwetu. Msitu wetu wa Kakamega, wenye mitere na mikumari yake, ni wa serikali tangu ulipotangazwa mwaka 1933. Sheria ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyoirithi, imetupa nafasi ya kushiriki kwa njia ya vyama vya jamii vya msitu na mikataba na Shirika la Misitu. Ni nafasi nzuri, tuitumie. Lakini si umiliki kama wa Kilwa, kwa hiyo mtu akija kuwaambia mtauza magogo ya ule msitu kwa cheti, mwulizeni kwanza anauza mali ya nani. Chetu halisi ni miti ya shambani: mikaratusi, misaipresi, lusiola, ile mikima ya mipakani. Na anayeinunua ni nani? Ni fundi wa Kakamega mjini, ni mjenzi, ni kiwanda cha chai kinachotaka kuni, ni shule inayopika maharagwe. Nimezunguka kwa wauza mbao nikiuliza. Wanataka kujua urefu, unyofu, ukavu, na kama una kibali cha kusafirisha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za muhuri.

Nina sababu ya kuwa mkali hapa. Mwaka 2008 nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nina moto. Nilikuwa na kikundi cha wafuga nyuki. Nikasikia asali yenye cheti cha kilimo hai inatafutwa ng'ambo. Nikawashawishi. Tukalipa mafunzo, tukalipa mtu wa kutukagua, tukabadilisha mizinga. Tulichangisha kwa mwaka mzima, mzee mmoja akauza mbuzi wawili. Karatasi ikaja, nzuri, ina rangi, tukaitundika ukutani. Mnunuzi hakuja. Yule tuliyemtegemea alitaka tani, sisi tulikuwa na ndoo. Mwaka wa pili hatukuwa na pesa za kumrudisha mkaguzi na cheti kikaisha. Asali tuliiuza sokoni kwa bei ile ile ya zamani. Wale wazee hawakunitukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilitafuta muhuri kabla ya kutafuta mnunuzi, na waliolipa kosa langu ni wao.

Watu wa hapa hapa wamefanya vizuri kuliko mimi. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya msitu wetu, kilianza kulima shambani ule mrihani wenye harufu ya kafuri, wakakamua mafuta yake, wakatengeneza dawa ya kuchua na ya mafua iitwayo Naturub. Walisaidiwa na wataalamu wa icipe wa Nairobi. Mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hawakukata mti. Walitengeneza kitu ambacho mtu wa Kenya mwenye mafua anakinunua dukani, na kila jani linatoka shambani ambako linajulikana. Wenye chai kule Vihiga na Nandi nao wanaijua habari ya ukaguzi kupitia ule muhuri wa chura wa Rainforest Alliance, ulioenea katika chai baada ya Unilever kutangaza mwaka 2007 kwamba itautaka kwa chai yake. Kule mnunuzi alikuja kwanza, muhuri ukafuata.

Basi karatasi ya akina mama. Nimeisoma yote, usiku mbili, na wakili wa jimbo ameisoma.

Haisemi cheti kitakuwa cha nani. Nadhani kitakuwa cha kampuni. Hiyo si dhambi, lakini ina maana kwamba kampuni ikiondoka, muhuri unaondoka nayo, na ninyi mnabaki na visiki. Haisemi nani analipa mkaguzi. Kuna kifungu kinachosema "gharama za uendeshaji" zitatolewa katika mauzo kabla ya kugawana, na gharama hizo hazikutajwa ni zipi. Ukaguzi wa miaka ishirini unaweza kuingia humo wote. Haimtaji mnunuzi hata mmoja wala kiwanda cha kupasua. Na cheti kikikosekana, kodi inabaki ile ile ndogo na shamba limefungwa.

Kitu kingine. Kila mwenye muhuri wa FSC ana namba yake. Huanza na FSC-C, kisha tarakimu sita, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitafuta katika orodha ya baraza aone ni ya nani na kama bado iko hai. Kwenye pakiti ya maziwa imeandikwa, itazameni. Nilimpigia yule kijana kumwomba namba ya kampuni yake. Akasema atatuma. Nimempigia mara tatu. Hadi leo asubuhi sijaipata. Huenda kampuni ni mpya na ndiyo inajiandaa, simwiti mwongo. Lakini basi aseme "tutaomba", asiseme "mtapata".

Tena ardhi ya kilimo haikodishwi miaka ishirini kwa sahihi ya sebuleni. Lazima ipite Bodi ya Ardhi, na mke ama mume akubali. Akina mama wengi waliotia majina pale, hati ya shamba ni ya bwana, ama bado ni ya baba mkwe aliyefariki. Hilo peke yake lingeleta vita nyumbani kabla mche wa kwanza haujashika. Na miaka ishirini ni mingi. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atataka pa kujenga, akute mikaratusi ya watu.

Sisemi msipande miti. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', alituomba tuitunze nyumba yetu sote, na shamba lenye miti ni sehemu ya nyumba hiyo. Pandeni, ila mikaratusi iwe mbali na chemchemi, tumekwisha kugombana vya kutosha juu ya hilo. Andikeni katika kitabu cha kikundi nani amepanda nini na lini, nani amekata na kuuza kwa nani. Kitabu hicho hakina gharama, na siku mnunuzi wa kweli akija kuuliza cheti, nusu ya kazi ya mkaguzi iko humo tayari. Mnunuzi huyo akija, mwambieni alete pia sehemu yake ya gharama. Kama anautaka muhuri kwa ajili ya wateja wake, si haki aubebeshe mabega yenu peke yenu.

Kwa akina mama wa karatasi, ushauri wangu ni kwamba msitie sahihi mwezi huu. Najua karo. Nimeongea na mwekahazina wa chama cha akiba cha parokia, wanakubali kuangalia mkopo mdogo kwa wale wenye watoto wa sekondari, majina yaletwe kabla ya Jumapili. Yule kijana nimemwalika hapa Alhamisi ijayo saa nne, aje na namba, aje na jina la mnunuzi, aje na orodha ya hizo gharama za uendeshaji. Wakili atakuwapo. Waume pia waje, tafadhali, mara hii wasitumwe watoto.

Chai iko tayari. Yule mzee wa Malava aliyeuliza kama miti yake mia mbili inaweza kuingia katika kikundi cha jirani, nitafute kwa meza ya kitabu, nina swali moja la kukuuliza juu ya mpaka.